MRI ya kichwa kwa anayeshukiwa uvimbe wa ubongo: mwongozo wa mgonjwa na ndugu anayemsindikiza

Karatasi imeandikwa "MRI ya ubongo, bila kontrasti na kwa kontrasti", na daktari amekwambia anashuku uvimbe. Kontrasti ni dawa inayochomwa kwenye mshipa ili ugonjwa ung'ae kwenye picha. Mwongozo huu ni wako wewe mwenye karatasi, na wa ndugu atakayekusindikiza. Mimi kazi yangu ni chumba cha mashine: kulaza wagonjwa na kupiga picha. Kusoma majibu ni kazi ya daktari bingwa wa radiolojia. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye mambo yanayoharibu kipimo kabla majibu hayajaandikwa, kwa sababu hayo mgonjwa na ndugu zake wanayaweza. Picha isiyosaidia mara nyingi huanzia kwenye fomu tupu, kichwa kilichotikisika, au CD iliyobaki kabatini nyumbani. Mashine hulaumiwa bure.

1. Jua kwanza kama MRI ndiyo inayotakiwa leo

Mtu aliyezimia, mwenye degedege lisilokatika, anayetapika mfululizo huku usingizi unamzidi, au aliyepooza upande mmoja ghafla, apelekwe dharura sasa hivi. Asisubiri tarehe ya MRI. Huko ataanza na CT scan, ambayo huchukua dakika chache na huonyesha upesi damu iliyovuja na maji yaliyojaa kichwani. MRI itafuata hali ikitulia.

Kinyume chake nacho hutokea. CT imesomwa safi, nyumbani wamemshukuru Mungu, lakini kichwa kinaendelea kuuma kila alfajiri, macho yanaona vitu viwili viwili, mwendo unayumba. Sehemu ya nyuma ya kichwa, palipo na ubongo mdogo na shina la ubongo, imezungukwa na mifupa minene inayochafua picha za CT, na uvimbe mdogo wa huko unaweza kujificha. Dalili zikiendelea, rudi kwa daktari umwambie hivyo hivyo. Usikae na jibu la CT kama hati ya kuwa mzima.

MRI haitumii eksrei. Ni sumaku kubwa, kwa kawaida ya nguvu ya tesla 1.5 au 3, na hiyo 1.5 peke yake ni kama mara 30,000 ya sumaku ya dunia. Sumaku inapanga viini vya hidrojeni vilivyo kwenye maji na mafuta ya mwili, mawimbi ya redio yanavisukuma, na vinaporudi mahali pake vinatoa ishara ambayo kompyuta inaigeuza kuwa picha. Kwa kuwa hakuna eksrei, kipimo kinaweza kurudiwa mara nyingi, na mtu mwenye uvimbe wa ubongo atakirudia kwa miaka. Zipo pia mashine za wazi zenye nguvu chini ya tesla 0.5. Zinamfaa mwenye woga wa sehemu finyu au mwenye mwili mkubwa, ila kwa uvimbe mdogo, au kwa picha za kupangia upasuaji, mimi ningetafuta ya 1.5 kwenda juu.

2. Fomu isiondoke mikononi mwa daktari ikiwa tupu

Hapa ndipo ningependa kila ndugu akomae. Fomu ikija imeandikwa "maumivu ya kichwa" basi, tutapiga picha za kawaida za ubongo mzima. Hizo zinatosha kwa mengi, lakini haziwezi kujibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Chukua mama wa miaka 35 ambaye hedhi imekatika, maziwa yanatoka bila kunyonyesha, na siku hizi anagonga milango kwa bega kwa sababu haoni pembeni. Dalili hizo zinaelekeza kwenye tezi ya pituitari, ambayo ni ndogo kama punje ya harage. Vipande vya kawaida vya picha vina unene wa milimita 4 au 5, na uvimbe wa milimita 4 kwenye tezi hiyo unaweza kupita katikati yake. Daktari akitaja pituitari kwenye fomu, tunapiga vipande vyembamba vya eneo hilo, na dawa tunaichoma kwa mpangilio mwingine. Vivyo hivyo mtu aliyepungukiwa usikivu wa sikio moja tu: yeye anahitaji vipande vyembamba vya mshipa wa fahamu wa sikio. Bila maelezo hayo analala kwenye mashine, analipa, na swali lake linabaki pale pale.

Mwombe daktari aandike, na wewe mwenyewe uwe tayari kueleza chumbani: dalili zilianza lini na ziko upande gani, kama kuna kifafa, kama mgonjwa amewahi kuwa na saratani ya matiti, mapafu au nyingine, kama ana VVU au amewahi kuugua TB, kama amewahi kupasuliwa kichwa au kupata tiba ya mionzi, na tarehe zake. Habari ya VVU wengi huificha mbele ya shemeji au mtoto mkubwa. Omba kuzungumza na mhudumu pembeni, ni haki yako, kwa sababu habari hiyo inabadilisha kabisa namna picha inavyosomwa. Nitarudi kwayo kwenye hatua ya 6.

Kuna dawa moja ya kutaja kwa jina: deksamethasoni, au steroidi yoyote. Inapunguza uvimbe wa maji kuzunguka uvimbe wenyewe na inafifisha kung'aa kwa kontrasti. Kwa saratani ya aina ya limfoma inaweza kuuyeyusha uvimbe kwa muda hadi picha ikaja karibu safi, na hata kinyama kitakachokatwa ili kipimwe maabara kikashindwa kutoa jibu. Mgonjwa aliyeelemewa apewe, maisha kwanza. Lakini tarehe aliyoanza na dozi yake viandikwe kwenye fomu.

3. Vyuma, figo, mimba

Sumaku haizimwi. Iko kazini usiku na mchana, hata mashine ikiwa kimya na taa zimezimwa. Mwaka 2001 huko New York mtoto wa miaka sita alikufa baada ya mtungi wa oksijeni kuingizwa chumbani na kuvutwa na sumaku ukamgonga akiwa ndani ya mashine. Ndiyo maana tunakuwa wakali mlangoni, na ndiyo maana ndugu haruhusiwi kuchungulia ndani hata kama nia yake ni kumpa mama shuka.

Sema mapema, wakati wa kuchukua tarehe na siyo umeshavaa gauni, kama mgonjwa ana pesimeka ya moyo, klipu ya mshipa wa damu kichwani, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, mpira wa kutoa maji kichwani, risasi au kipande cha bomu mwilini. Mafundi wa kuchomelea na wa kusaga vyuma wana jambo lao: chembe ya chuma iliyowahi kuingia jichoni inaweza kusogea na kuliumiza jicho. Watapigwa eksrei ya macho kwanza. Vyuma vingi vya kuunga mifupa siku hizi ni vya titani na havina tatizo, lakini kadi ya kifaa au karatasi ya upasuaji ndiyo inayotuhakikishia. "Nadhani" haitoshi.

Kichwani ndiko tunakopiga picha, kwa hiyo nywele zina uzito wake. Toa pini, vibanio, wigi, na nywele za kushonea zenye klipu. Kibanio kimoja kilichosahaulika ndani ya rasta kinaacha doa jeusi linalomeza robo ya picha, na ukipata bahati mbaya linaangukia pale pale penye ugonjwa. Meno ya bandia ya kutoa yatolewe. Hirizi iliyoshonewa ngozi inaweza kuwa na sindano au bati ndani, nayo ivuliwe. Ndugu anaweza kuishika nje. Simu, saa, funguo na kadi ya benki zibaki nje.

Kontrasti ya MRI imetengenezwa kwa madini ya gadolini. Haina uhusiano na ile ya CT yenye ayodini, kwa hiyo aliyewahi kuvimba kwa dawa ya CT hakatazwi moja kwa moja, ila atuambie. Figo ndizo zinazoitoa. Mwenye kisukari, presha ya muda mrefu au ugonjwa wa figo aje na kipimo cha kreatinini. Figo zikiwa zimeshuka sana, chini ya 30 kwenye kile kiwango cha uchujaji, daktari atapima ulazima wa dawa na aina ya kutumia, maana aina za zamani zilihusishwa na ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa. Mjamzito hapewi isipokuwa kuna sababu nzito. Anayenyonyesha anaendelea kunyonyesha kama kawaida, kwa sababu kinachopita kwenye maziwa ni kidogo mno.

Uliza pia kama bei uliyotajiwa, au kibali cha bima, inajumuisha kontrasti. Watu wengi hurudi nyumbani na nusu ya kipimo kwa sababu hii tu.

4. Ndani ya mashine

Mtu mzima anaweza kula na kunywa dawa zake kama kawaida, hasa za kifafa, isipokuwa kituo kimemwambia vinginevyo. Mtoto mdogo asiyeweza kutulia atapewa dawa ya usingizi au nusu kaputi. Huyo lazima afunge, na saa za kufunga utapewa na mtaalamu wa usingizi. Ukimpa uji njiani kwa huruma, kipimo kitaahirishwa.

Utalala chali, kichwa ndani ya kifaa kama helmeti, masikio yakiwa yamezibwa kwa sababu kelele zinapita desibeli 100. Utapewa puto mkononi, ukilibana, tunasimama. Kazi nzima ni kati ya dakika 30 na 60, imegawanyika vipande vya dakika mbili hadi saba. Kutikisika kwenye kipande kimoja kunaharibu kipande hicho chote. Kwa hiyo kohoa, meza mate na ujikune wakati kelele zimenyamaza. Mimi huwaambia, "Mama, hiki ni cha dakika tano, kikiisha nitakuita," na mtu anayejua mwisho uko wapi hutulia zaidi ya anayeachwa gizani. Kama hukuambiwa, omba uambiwe.

Mwenye hofu ya sehemu finyu afunge macho kabla kitanda hakijaingia, siyo baada. Hiyo peke yake huokoa wengi. Akishindwa, ipo dawa ya kutuliza, lakini aje na mtu wa kumrudisha nyumbani.

Katikati tutachoma dawa kwenye mshipa. Kwa aina zinazotumika sana ni mililita 0.2 kwa kila kilo, yaani kama mililita 12 kwa mtu wa kilo 60. Utasikia ubaridi mkononi, pengine kichefuchefu kidogo. Ukianza kuwashwa, kubanwa kifua au kuvimba midomo, bana puto hapo hapo.

5. Picha zipi zipigwe

Huhitaji kuwa mtaalamu, ila majina haya utayakuta kwenye CD na kwenye majibu. T1 inaonyesha umbo. T2 inang'arisha kila chenye maji, ukiwamo ugonjwa. FLAIR ni T2 ambayo maji ya kawaida ya ubongo yamegeuzwa meusi, ili ule uvimbe wa maji ulio kando yake uonekane bila kuchanganywa. DWI inaonyesha pale ambapo maji yamekwama. SWI inanasa damu na chokaa. Halafu T1 inarudiwa baada ya kontrasti. Kwa kawaida ubongo una kizuizi kinachokataa dawa hiyo kutoka kwenye damu, na uvimbe mkali hukibomoa, ndipo dawa inavuja na pahali hapo panang'aa.

T1 ya kabla ya dawa isirukwe kwa haraka ya foleni. Damu na mafuta vinang'aa vyenyewe kwenye T1, na bila picha ya kabla hakuna ajuaye kilichong'aa ni dawa au kilikuwa hivyo tangu mwanzo. Kama upasuaji unategemewa, omba T1 ya kontrasti ya vipande vya milimita 1, ndiyo inayoingia kwenye kompyuta ya kumwongoza daktari chumba cha upasuaji. Wenye mashine nzuri huongeza pafyusheni, inayopima wingi wa damu ndani ya uvimbe, na spektroskopi, inayopima kemikali zake: kolini ikipanda na NAA ikishuka, seli za ubongo zinapungua na nyingine zinazaliana.

6. Kusoma majibu bila kuruka na neno moja

Ukishika picha, kumbuka kushoto kwako ni kulia kwa mgonjwa, kana kwamba amelala chali na wewe unamtazama kutokea miguuni. Ndugu wengi wamekosana bure hospitalini kwa kudhani upande umekosewa.

Tafuta kwanza uvimbe uko wapi: ndani ya ubongo, au nje yake kwenye utando. Wa kwenye utando, unaong'aa sawasawa na kuwa na mkia unaofuata utando, mara nyingi ni meninjioma, na nyingi ya hizo siyo saratani. Kisha tafuta idadi. Vivimbe vingi vilivyotawanyika mpakani mwa sehemu ya kijivu na nyeupe vinaleta wazo la saratani iliyotoka kwingine. Kisha hali ya jirani: kama mstari wa katikati ya ubongo umesukumwa na kwa milimita ngapi, kama njia za maji zimeziba. Hayo mawili ndiyo yanayoamua haraka ya upasuaji, kuliko jina la ugonjwa.

Neno linalotisha watu ni "pete": uvimbe unaong'aa ukingoni na mweusi katikati. Glioblastoma, saratani kali ya ubongo wenyewe, inaonekana hivyo, kuta zikiwa nene na zisizolingana. Lakini jipu la usaha nalo ni pete. Uvimbe wa TB ni pete. Toksoplasma, maambukizi ya kimelea, kwa mwenye VVU ni pete, mara nyingi kadhaa. Mabuu ya tegu wa nguruwe, ugonjwa unaofahamika vizuri Mbulu na nyanda za juu kusini mwa Tanzania, nayo hutoa pete, wakati mwingine na kidoa cha kichwa cha mnyoo ndani yake. Usaha mzito hukwamisha maji, hivyo katikati ya jipu hung'aa kwenye DWI na kuwa nyeusi kwenye ramani yake ya ADC. Katikati ya glioblastoma kwa kawaida haifanyi hivyo. TB ina sura nyingi na humdanganya hata bingwa. Ndiyo sababu ya lile swali la VVU na TB kwenye fomu. Kuna wagonjwa wanaopewa dawa za toksoplasma na kurudia picha baada ya wiki mbili hivi, na pete zikawa zimepungua bila kuguswa kisu. Nchi ambako maambukizi haya ni machache, pete hupewa jina la saratani upesi. Kwetu huku, kasi hiyo ni ya kuiogopa.

Upande wa pili, uvimbe usiong'aa kabisa siyo lazima uwe mpole. Glioma, yaani uvimbe unaoanzia kwenye ubongo wenyewe, za daraja la chini nyingi hazing'ai, na chache za daraja la juu pia. Ipo dalili moja inayopendwa na wasomaji: uvimbe mweupe wote kwenye T2 lakini uliogeuka mweusi kwenye FLAIR isipokuwa ukingo wake. Huo mara nyingi ni astrositoma, aina mojawapo ya glioma, yenye badiliko la jeni ya IDH. Hata hivyo, tangu mpangilio wa WHO wa 2021, jina kamili la glioma kwa mtu mzima linahitaji kipimo cha jeni kama IDH, na hicho hufanywa kwenye kinyama. Kwa hiyo maneno kama "inaelekea kuwa" au "haiwezi kutofautishwa na" kwenye majibu ni ya mtu mkweli. Uliza: "Daktari, mbali na hili la kwanza, mengine uliyoyafikiria ni yapi?"

7. CD

Omba CD yenye faili zote za asili, na uijaribu kwenye kompyuta kabla hujaondoka. Filamu ya ukutani ina picha chache zilizochaguliwa. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp haimfai mtu kwa uamuzi wa kupasua. Safari ya mgonjwa huku kwetu hupita milango mingi: picha zinapigwa kituo kimoja, upasuaji unafanyika MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, tiba ya mionzi hospitali ya Ocean Road au Bugando. Toa nakala mbili, andika tarehe kwa kalamu, moja isitoke nyumbani.

8. Baada ya upasuaji na mionzi

MRI ya kwanza baada ya kupasuliwa inatakiwa ndani ya saa 24 hadi 72, ikiwezekana kabla ya 48. Baadaye kovu lenyewe huanza kung'aa kwa dawa na haliwezi kutenganishwa na mabaki ya uvimbe. Kama mashine iko mbali na wodi, familia iulize hili kabla ya siku ya upasuaji.

Picha inayofuata ni kama wiki nne baada ya mionzi kuisha, kisha kila miezi miwili mitatu kwa zile kali, kwa nafasi pana zaidi kwa zile za polepole. Sasa jihadhari: ndani ya wiki 12 za mwanzo baada ya mionzi, picha inaweza kuonyesha uvimbe umekua wakati ni majeraha ya tiba yenyewe, hasa kwa aliyepewa pamoja na dawa ya saratani iitwayo temozolomaidi. Mgonjwa yuko vizuri, picha inaonekana mbaya. Katika hali hiyo timu nyingi huendelea na dawa na kurudia picha baada ya wiki nne hadi nane; pafyusheni husaidia, kwa kuwa uvimbe hai huwa na damu nyingi.

Kukua kunapimwa hivi. Chukua kipimo kirefu kuliko vyote cha sehemu inayong'aa, na kingine kinachokikata kwa pembe mraba, uvizidishe. Januari ilikuwa milimita 30 kwa 20, yaani 600. Aprili ni 32 kwa 21, yaani 672: ongezeko la asilimia 12, ambalo kichwa kulazwa kwa pembe tofauti kidogo kinaweza kulileta. Ingekuwa 36 kwa 24 ni 864, asilimia 44, na hapo ni habari nyingine, kwa sababu mpaka unaotumiwa na madaktari wa uvimbe wa ubongo ni asilimia 25. Linganisha pia na picha ambayo uvimbe ulikuwa mdogo kuliko zote tangu tiba, siyo ya mwezi uliopita tu. Uvimbe unaopanda kwa asilimia 10 kila mara hautaonekana kamwe ukilinganishwa na jirani yake.

Rudi kwenye mashine ile ile kila inapowezekana, na siku ya kurudi mkononi uwe na CD za nyuma zote, tarehe ya mwisho ya mionzi, na dozi ya deksamethasoni ya wiki hiyo. Dozi ikiwa imepandishwa, picha inaweza kuonekana bora kuliko hali ilivyo; ikishushwa, mbaya kuliko ilivyo. Mpe anayekupokea chumbani, mwombe aviandike kwenye fomu mbele yako.